Kuhama kutoka chuo cha jamii kwenda chuo kikuu California: mwongozo kamili

Mtu anaweza kumaliza miaka miwili ya chuo cha jamii akiwa na krediti 68 na GPA (wastani wa gredi) ya 3.6, chuo kikuu kikazipokea krediti zote, kisha akaambiwa bado ana miaka mitatu ya kusoma. Hajadhulumiwa. Krediti zake zimepokelewa kama kozi za kujazia, lakini kozi zile hasa ambazo fani yake inazidai kabla ya mwaka wa tatu hana. Krediti kupokelewa ni jambo moja. Krediti kukata kipande cha digrii ni jambo jingine. Kwa hiyo uhamisho hupangwa kwa kuanzia mwisho: kwanza fani na vyuo unavyovitaka, halafu ndipo uchague kozi za muhula huu.

Mwongozo huu unahusu California, ambako mfumo wa kuhama umeandikwa kwa undani kuliko karibu mahali pengine popote Marekani. Ukiwa Texas, huko kuna kozi za msingi za saa 42 ambazo vyuo vikuu vya umma hupokeleana. Florida humhakikishia mwenye AA, digrii ya miaka miwili ya chuo cha umma, nafasi katika mojawapo ya vyuo vikuu 12 vya jimbo, ingawa si lazima katika fani aitakayo. Majina na tarehe hubadilika kwa jimbo, lakini namna ya kupanga ni ileile.

Milango miwili: UC na CSU

Vyuo vya jamii California ni 116. Kutoka huko wengi huelekea University of California (UC), yenye kampasi tisa zinazofundisha shahada ya kwanza, au California State University (CSU), yenye kampasi zaidi ya 20. Vyote viwili humchukua anayehama akiingia mwaka wa tatu, kwa hiyo vinataka krediti 60 za mfumo wa semesta, ambazo California huziita yuniti. Chuo chako kikiwa cha robo mwaka, ni 90: krediti moja ya semesta ni sawa na moja na nusu za robo.

Kiwango cha chini cha GPA kwa mkazi wa California ni 2.4 kwa UC na 2.0 kwa CSU. Asiye mkazi anahitaji 2.8 kwa UC na 2.4 kwa CSU. Hizo ni namba za kukuruhusu kupiga foleni tu. Kwa fani zenye msongamano, kama sayansi ya kompyuta, uuguzi na uhandisi, wanaochukuliwa wako juu sana ya hapo.

Kuna tofauti ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Orodha ya kozi zinazohamia CSU ni pana. Ile ya UC ni nyembamba. Kozi za cheti cha CNA (msaidizi wa muuguzi), ambazo Waafrika wengi huanza nazo kwa sababu mshahara wake hauchelewi, kwa kawaida hazihamii UC kabisa. Hakuna ubaya kuzisoma kwa ajili ya kazi. Ubaya ni kuzihesabu ndani ya zile 60.

Hatua ya kwanza: soma ASSIST kama mkataba

Tovuti ya assist.org ndiyo hifadhi rasmi ya makubaliano kati ya vyuo vya jamii na kampasi za UC na CSU. Chagua mwaka wa masomo, chuo chako, kampasi unayotaka, kisha fani. Usiishie kwenye orodha ya jumla ya kozi zinazohamishika. Fungua makubaliano ya fani yenyewe.

Ukurasa una pande mbili. Kushoto kuna kozi ya chuo kikuu, kulia kuna kozi ya chuo chako inayochukua nafasi yake. Tazama vizuri maneno madogo yaliyo katikati. Pakiwa na AND kati ya kozi mbili za kulia, lazima usome zote mbili ndipo upate ile moja ya kushoto. Pakiwa na OR, moja inatosha. Pakiandikwa kwamba hakuna kozi inayolingana, chuo chako hakina mbadala wake: utaisoma chuo cha jamii cha jirani, au baada ya kuhama.

Hiyo AND ndipo wengi wanapojikwaa. Kampasi nyingi za UC huenda kwa robo mwaka, isipokuwa Berkeley na Merced zinazotumia semesta. Kemia ya jumla inayofundishwa kwa robo tatu huko hulinganishwa na semesta mbili za chuo cha jamii kwa pamoja. Ukisoma semesta ya kwanza tu ukahama, hupati theluthi mbili wala nusu. Mara nyingi utaambiwa urudie mfululizo mzima. Hesabu, fizikia na kemia ni hivyohivyo. Mfululizo ukiuanza, umalize, na uumalizie chuo kilekile, kwa sababu sehemu ya kwanza ya chuo kimoja haiungani siku zote na sehemu ya pili ya chuo kingine.

Kinachohesabika ni makubaliano ya mwaka uliosoma kozi. Pakua PDF ya kila kampasi kila mwaka uihifadhi. Fanya hivyo kwa kampasi tatu au nne za fani yako, uziweke sambamba, na anza na kozi zinazodaiwa na zote. Zinazodaiwa na kampasi moja tu ziache za mwisho.

Kozi za msingi: Cal-GETC

Tangu masomo ya msimu wa vuli 2025 kuna mpango mmoja wa kozi za msingi unaotambuliwa na UC na CSU kwa pamoja, Cal-GETC. Una kozi 11, krediti 34: uandishi wa Kiingereza, uandishi wa hoja na fikra tunduizi, kuzungumza mbele ya watu, hesabu au takwimu, sanaa na fasihi, sayansi za jamii, sayansi za asili pamoja na maabara, na masomo ya makabila ya Marekani. Kila kozi inataka gredi ya C au zaidi, C- haikubaliki. Aliyeanza kabla ya hapo bila kukatiza masomo anaweza kuwa na haki ya kumaliza mpango wa zamani, IGETC au ule wa CSU. Muulize mshauri wa masomo, na jibu alitie kwenye mpango wako wa masomo kwa maandishi.

Usishangae kuona kozi zimebadilishwa majina. Vyuo vya jamii vimeanza kutumia namba za pamoja zenye herufi C, kama ENGL C1000 kwa uandishi, ENGL C1001 kwa uandishi wa hoja, STAT C1000 kwa takwimu na COMM C1000 kwa kuzungumza hadharani. Kozi yenye namba hiyo ni ileile katika kila chuo.

Je, kila mtu afuate Cal-GETC? Hapana. Anayekwenda uhandisi au sayansi nzito akikazania kumaliza kozi 11 za msingi mara nyingi huishia bila fizikia ya tatu wala hesabu ya nne, na hizo ndizo zinazotazamwa. Yeye atangulize kozi za fani, na kwa UC ahakikishe ana ule msingi wa kozi saba: mbili za uandishi wa Kiingereza, moja ya hesabu, na nne kutoka angalau nyanja mbili kati ya sanaa, jamii na sayansi. Za msingi zilizobaki atazimalizia huko huko.

Kuna faida moja ya msomaji wa Kiswahili ambayo washauri wengi hawaikumbuki. IGETC ilidai lugha nyingine isiyo Kiingereza kwa wanaokwenda UC. Cal-GETC imeliondoa sharti hilo kwenye mpango, lakini baadhi ya kampasi na vitivo vya UC bado vinalidai ili kuhitimu. Miongoni mwa njia za kulitimiza ni kuwa umesoma miaka miwili, kuanzia ngazi ya darasa la sita, katika shule inayofundisha kwa lugha isiyo Kiingereza. Aliyemaliza darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali Tanzania alifundishwa kwa Kiswahili. Aliyesoma Kiswahili kama somo sekondari Kenya ana miaka minne yake. Peleka cheti na matokeo ofisini kabla hujajiandikisha Kihispania cha mwaka mzima ambacho pengine hukihitaji.

Gredi, kurudia, na W

UC hukokotoa GPA kwa kozi zote zinazohamishika ulizosoma kwa gredi za herufi, popote uliposomea. Kuhamia chuo cha jamii kingine hakufuti F ya kile cha kwanza. D au F unaweza kuirudia; C huwezi kuirudia ili upandishe wastani. Kozi za kufaulu au kutofaulu bila herufi zina kikomo cha krediti 14 za semesta kwa UC, na usizitumie kwa kozi ya fani hata kama chuo chako kinaruhusu.

W, alama ya kujiondoa kwenye kozi, haiingii kwenye GPA, ila inaonekana. Moja yenye sababu haina neno. Tatu katika muhula mmoja zitahitaji maelezo, na fomu ina sehemu ya kuyaandika. Ukiona kozi inakushinda, jua mapema tarehe ya mwisho ya kujiondoa, maana baada yake kinachobaki ni gredi.

Krediti nyingi nazo zina mpaka. UC hupokea hadi 70 za semesta za ngazi ya chini. Zinazozidi hazikunyimi udahili kama zote ni za vyuo vya jamii, zinakuhesabia somo tu bila krediti. Mwenye krediti nyingi kutoka chuo kikuu cha miaka minne ndiye wa kujihadhari, kwa sababu anaweza kuonekana amekwisha kufika mwaka wa nne, na kampasi kadhaa hazimchukui wa namna hiyo.

Ahadi mbili zilizo kwenye maandishi

Ya kwanza ni TAG ya UC, ahadi ya kukupa nafasi ukitimiza masharti ya kampasi. Kampasi sita huitoa: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, Los Angeles na San Diego haziitoi. Unachagua kampasi moja tu. Kila kampasi ina GPA yake na orodha ya fani ilizozitoa nje. Sayansi ya kompyuta hukosekana mara nyingi. Kwa kawaida unatakiwa uwe umemaliza krediti 30 za semesta zinazohamia UC kabla ya kuomba. Fomu hujazwa kwenye tovuti ya UC ya kupanga uhamisho kuanzia 1 hadi 30 Septemba, mwaka mmoja kabla ya kuingia.

TAG haichukui nafasi ya maombi yenyewe. Ni lazima uombe tena kwenye fomu kuu ya UC, kampasi ileile, fani ileile, kozi zilezile. Mtu akiwa na TAG ya uchumi kisha kwenye fomu kuu akachagua usimamizi wa biashara, ahadi imekwisha.

Ya pili ni ADT, digrii ya miaka miwili iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhama, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2010. Utaiona ikiandikwa AA-T au AS-T; zile herufi T ndizo zenye kazi, kwa maana AA ya kawaida haina ahadi hiyo. Inakuhakikishia nafasi ndani ya CSU, na kwamba ukiingia kwenye fani inayolingana utamaliza kwa krediti 60 zaidi. Haikuhakikishii kampasi. San Diego State na Cal Poly ya San Luis Obispo hujaa, na mwenye ADT anaweza kupelekwa kwingine. Omba angalau CSU moja ya eneo lako, kwa sababu wakazi wa eneo hupewa kipaumbele.

Kalenda ya maombi

Fomu ya UC hufunguliwa 1 Agosti na hupokelewa kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Novemba. Tarehe hiyo ikiangukia wikendi husogezwa siku moja au mbili. Ada ni dola 80 kwa kila kampasi. CSU hutumia Cal State Apply, nayo hufungua 1 Oktoba na kufunga karibu siku hizohizo, dola 70 kwa kampasi. Mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa ada hadi kampasi nne katika kila mfumo, na uamuzi hutoka hapohapo unapojaza. Usikimbie kutoa kadi kabla hujafika ukurasa huo.

Fomu zote mbili zinataka uingize mwenyewe kila kozi. Fungua transkripti pembeni unakili namba, jina, krediti na gredi kama zilivyoandikwa, pamoja na W na zilizorudiwa. Kozi unazosoma sasa ziweke kuwa zinaendelea, na za muhula ujao kuwa zimepangwa. Ukiziacha, utaonekana hutimizi krediti 60. Kwa anayeingia vuli, kozi zote za lazima ziwe zimeisha majira ya kuchipua. Usitegemee kiangazi kwa hesabu wala Kiingereza.

Uliwahi kusoma chuo kikuu nyumbani, hata muhula mmoja ukaacha? Kiorodheshe. Andika gredi kama zilivyo, kwa mfano GPA ya kipimo cha 5 cha Tanzania, bila kuibadilisha kuwa ya 4. Kuficha chuo ndiko kunakofuta udahili, hata baada ya kuanza masomo. Anza kufuatilia transkripti hiyo mwaka mzima kabla, kwa sababu bahasha iliyofungwa kwa muhuri kutoka Afrika Mashariki haifiki kwa wiki mbili.

UC haitaki mtihani wa SAT wala barua za mapendekezo. Inataka majibu manne, kila moja maneno 350 yasizidi. Moja ni la lazima: umejiandaaje kwa fani yako na kwa kozi za ngazi ya juu. Wengi hulijaza historia ya ukimbizi au ya kijijini, nayo ina maswali mengine. Hapa taja kozi, kazi ya maabara, programu uliyoiandika, saa ulizofundisha wenzako hesabu, na kitu gani kilikushinda kwanza ukakiweza baadaye. Jibu lenye sentensi kama “tangu utotoni nimependa sayansi” limepoteza nafasi ya kozi tatu.

Januari UC hukutumia fomu ya kuhuisha taarifa, mwisho 31 Januari. Jaza hata kama hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo unapoweka gredi za vuli. Wapo wanaokataliwa kwa sababu barua pepe hiyo iliingia kwenye taka, kwa hiyo tumia anwani yako binafsi unayoifungua kila siku.

Fedha

Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu, mapema baada ya kufunguliwa, na uongeze vyuo vikuu vyote ulivyoomba. Kosa la kawaida ni kuacha kile chuo cha jamii peke yake, kisha Aprili mtu anashangaa hana ofa ya msaada. Tarehe muhimu ya Cal Grant, ruzuku ya jimbo, ni 2 Machi. Mwenye green card, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi, huombea FAFSA. Mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti yake ya kuchangia taarifa bila namba hiyo. Asiye na hadhi ya kuomba FAFSA aulizie fomu ya msaada wa jimbo, California Dream Act, na kama anatimiza masharti ya sheria ya jimbo ya AB 540 ili alipe ada ya mkazi.

Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, ina ukomo wa maisha: mihula 12 ya masomo ya muda wote. Kila muhula wa kozi zisizo na mwelekeo unakula sehemu ya huo ukomo, na mwaka wa nne wa chuo kikuu ndio ghali zaidi kuukosea fedha. Kwenye chuo cha jamii mkazi hulipa dola 46 kwa krediti, na ruzuku ya California College Promise huifuta hata hiyo kwa wenye kipato kidogo. Kozi ya kujaribu, ijaribu hapo.

Kwa wenye viza ya F-1

Anayetoka Nairobi, Dar es Salaam au Muscat kwa viza ya mwanafunzi ana kazi moja ya ziada: rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Baada ya kukubaliwa, chuo kipya hukupa fomu yake. Unampelekea afisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo cha zamani barua ya udahili na mnakubaliana tarehe ya kuachilia rekodi. Ikishaachiliwa, chuo cha zamani hakina tena mamlaka juu yake, kwa hiyo usiharakishe kama bado unasubiri jibu la kampasi unayoipenda zaidi. Masomo mapya yaanze ndani ya miezi mitano. Usisafiri nje ya Marekani kabla ya kupata I-20 (hati ya chuo kwa mwenye viza ya mwanafunzi) ya chuo kipya. Na usilipie TOEFL, mtihani wa Kiingereza, upesi: UC hukubali kozi mbili za uandishi wa Kiingereza zinazohamishika, zenye C au zaidi, kuwa uthibitisho wa lugha.

Baada ya barua ya kukubaliwa

Majibu ya UC kwa wanaohama hutoka kati ya Machi na mwisho wa Aprili, na kuthibitisha nafasi ni hadi 1 Juni. CSU zina tarehe tofautitofauti. Soma ya kampasi yako. Kukubaliwa kuna masharti: umalize kozi ulizotaja, kwa gredi walizoziandika. Ukipata D ya mwisho au ukaacha kozi, waandikie kabla hawajaiona kwenye transkripti. Aliyesema mapema mara nyingi hupewa njia. Aliyenyamaza hupata barua ya kufutiwa Julai.

Transkripti za mwisho zifike UC kufikia 1 Julai, kutoka kila chuo ulichosoma. Ukiziagiza, tia alama kwenye kisanduku cha uthibitisho wa Cal-GETC, au jaza fomu yake ofisini. Uthibitisho hauji wenyewe. Bila huo, kampasi inaweza kuzipima kozi zako moja moja kwa masharti yake na kukuongezea mbili au tatu za msingi.

Kabla ya kujiandikisha muhula wa kwanza, fungua ukaguzi wa digrii kwenye akaunti yako mpya, uuweke pembeni ya zile PDF za ASSIST. Kozi iliyo kwenye makubaliano lakini ikawekwa kama ya kujazia ni kosa la kurekebishwa: tuma PDF kwa mshauri wa fani. Isiyo kwenye makubaliano hupiganiwa kwa silabasi kamili, yenye vitabu, mada za kila wiki na saa za maabara, ya muhula uleule uliosoma. Mwalimu wa muda akiondoka, silabasi yake huondoka naye. Ipakue wiki ya kwanza ya kila kozi.